Chungu na Zizi Wakati wa Kiangazi

Mtu apitaye Binza na vijiji vinavyoizunguka, katika Mkoa wa Simiyu, mnamo mwezi wa Julai, huona mambo matatu ambayo kwa mtazamo wa kwanza hayahusiani. Juu ya miamba iliyo karibu na nyumba vimetandazwa vipande vya viazi vitamu, vyeupe kwa mbali kama nguo zilizofuliwa. Uani, katika nyungo na juu ya mapaa, yameanikwa majani ya kunde ambayo rangi yake ya kijani imekwisha kuiva na kuwa nyeusi. Na nyuma ya mji, mahali ambapo ng'ombe wote wa jirani wangependa kuingia lakini hawaruhusiwi, kumesimama nyasi ndefu za manjano ambazo hazijaguswa tangu mvua za kwanza.

Vipande vile ni michembe, majani yale ni nsansa, na uwanja ule ni ngitili. Kwa mwanasayansi vyote vitatu ni kitu kimoja: ni chakula kilichoondolewa maji ili kivuke miezi isiyo na mvua. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na hasa kuonyesha jambo ambalo aghalabu halionekani kwa macho, yaani kwamba jua linapoondoa maji huondoa pia vitu vingine, na kwamba hasara hiyo huanzia zizini na kuishia katika sahani ya mtoto.

Baridi ya kipupwe

Binza iko nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta, katika nyanda ambazo zimeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mkoa wenyewe wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na makao yake makuu ni Bariadi. Mvua huanza mnamo Novemba na kukoma mnamo Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni haba sana au haipo kabisa, na miezi ya kwanza ya kipindi hicho ndiyo kipupwe, wakati ambapo mchungaji hutoka asubuhi amejifunika blanketi.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba baridi hiyo hutokana na jua kuwa mbali nasi, kama ilivyo Ulaya wakati wa majira ya baridi. Sivyo. Karibu na Ikweta jua haliendi mbali kiasi hicho. Sababu kubwa ni anga lenyewe. Mawingu na mvuke ulio hewani hulizuia joto la ardhi lisipotee usiku, kama shuka linavyozuia joto la mwili. Wakati wa kipupwe hewa ni kavu na anga ni jeupe, kwa hiyo joto ambalo ardhi imelipokea mchana hurudi angani bila kizuizi. Mchana huwa na joto na usiku huwa na baridi. Hewa kavu ya mchana ndiyo inayomfaa mwenye kuanika michembe, na usiku wa baridi ndio unaomsumbua, kwa sababu tutakayoieleza hivi punde.

Kwa mkulima wa Ulaya ya kaskazini dhiki ya mwaka huletwa na baridi na theluji. Kwa mkulima wa Binza huletwa na ukavu. Lakini swali ambalo wote wawili wanapaswa kulijibu ni moja: chakula kilichopatikana kwa wingi katika miezi michache kitahifadhiwaje mpaka mwaka ugeuke, kwa ajili ya watu na kwa ajili ya wanyama wao?

Kwa nini kikavu hakiozi

Kuoza ni kazi ya viumbe hai. Bakteria na kuvu hula chakula chetu kama sisi tunavyokila, na kama sisi, hawaishi bila maji. Haitoshi maji yawepo. Lazima yawe huru, yaani yasiwe yameshikwa na sukari, chumvi au vitu vingine vilivyomo katika chakula. Kadiri chakula kinavyokauka, ndivyo maji machache yaliyobaki yanavyoshikwa kwa nguvu zaidi. Bakteria ndio wanaoshindwa kwanza. Kuvu huvumilia zaidi, nao ndio wanaoendelea kuharibu chakula kilichokaushwa nusu nusu. Kikisha kukauka sawasawa, hakuna kiumbe kinachoweza kukua ndani yake.

Hebu tuchukue mfano wa hesabu, ambao mwalimu anaweza kuutumia darasani. Mama ana kilo 10 za viazi vitamu vibichi vilivyokwisha kumenywa. Karibu asilimia 70 ya viazi hivyo ni maji. Basi kilo 7 ni maji na kilo 3 ni vitu vikavu, hasa wanga. Anataka kupata michembe yenye asilimia 10 tu ya maji. Kilo 3 za vitu vikavu zitakuwa asilimia 90 ya michembe hiyo, kwa hiyo uzito wake utakuwa kilo 3.33. Maji yaliyoondoka ni kilo 6.67.

Ili kilo moja ya maji igeuke mvuke katika joto la kawaida la mchana huhitajika nishati ya kilojuli 2,400 hivi. Kwa kilo 6.67 tunahitaji kilojuli 16,000. Kilo moja ya kuni kavu ikiungua yote hutoa nishati ya kiasi hicho hicho, lakini katika mafiga matatu sehemu ndogo tu ya joto, pengine moja ya kumi, ndiyo inayofika panapotakiwa. Maana yake ni kwamba kama mama angetaka kukausha viazi vyake kwa moto angehitaji karibu kilo 10 za kuni kwa kilo 10 za viazi. Katika nchi ambayo miti ni michache na kuni hutafutwa mbali, hiyo ingekuwa kazi isiyowezekana. Mwamba uliopashwa na jua huifanya bure.

Sasa tuurudie usiku. Tuseme saa tisa mchana joto ni nyuzi 30 za Sentigredi na unyevu wa hewa ni asilimia 30 tu ya ule ambao hewa hiyo inaweza kuubeba. Usiku joto linashuka hadi nyuzi 16. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya moto. Kwa hiyo mvuke ule ule, bila tone moja kuongezeka, sasa unafikia asilimia 70. Michembe iliyoachwa mwambani hunyonya unyevu huo na kurudi nyuma. Ndiyo maana akina mama huikusanya kabla ya jua kutua na kuitandaza tena asubuhi umande ukiisha. Mtoto anayetumwa kufanya kazi hiyo jioni huiona kuwa ni adhabu, nami niliiona hivyo katika utoto wangu. Lakini siku mbili za uvivu zinatosha kuleta madoa ya kijani na meusi ambayo ni makazi ya kuvu.

Kuvu si jambo la kuchekea. Baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mwaka 2016, katika Mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao kufa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Chakula kilichoota kuvu kisipikwe, wala kisipelekwe kwa kuku na ng'ombe kwa kudhani kwamba wanyama hawadhuriki. Hudhuriki, na sumu hiyo hupita ndani ya maziwa.

Michembe na matobolwa

Wasukuma wana njia mbili za kukausha viazi vitamu, na tofauti yake inastahili kuangaliwa kwa makini. Michembe hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, mara nyingi baada ya viazi kuachwa vinyauke kidogo. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa. Bibi mmoja wa Binza alinieleza tofauti hiyo kwa maneno machache: "Mwanangu, mchembe ni wa chungu, tobolwa ni la mfukoni."

Alikuwa na haki. Michembe lazima ipikwe, ichanganywe na karanga au iliwe pamoja na maziwa ya mgando, au itwangwe ipatikane unga wa ugali. Matobolwa yamekwisha kupikwa. Mchungaji huyatia mfukoni na kuyatafuna malishoni kutwa nzima. Tena ni matamu zaidi. Utamu huo una sababu. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya ambacho hukata minyororo ya wanga na kuigeuza sukari, nacho hufanya kazi vizuri sana kiazi kinapopashwa joto polepole kuelekea nyuzi 70. Joto likizidi hapo kimeng'enya huharibika, lakini kazi yake imekwisha kufanyika. Anayechemsha viazi kwa moto wa taratibu hupata matobolwa matamu kuliko anayevitia katika maji yanayotokota.

Kuchemsha huko hufanya kazi nyingine isiyoonekana. Katika viazi na katika majani vimo vimeng'enya vingine ambavyo, mara kisu kinapopita, huanza kuunganisha hewa ya oksijeni na vitu vilivyomo. Ndivyo vinavyofanya kipande kibichi kigeuke hudhurungi. Vingine huharibu karotini, ile rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Maji ya moto huviua vimeng'enya hivyo kabla havijaleta hasara.

Sasa tumefika kwenye kiini cha jambo letu. Karotini ni mnyororo mrefu wa atomi za kaboni, na viungo vyake vimepangwa kwa namna inayoufanya unyonye mwanga. Ndiyo maana una rangi. Lakini viungo hivyo hivyo ndivyo vinavyoshambuliwa na oksijeni, na mwanga wa jua huyaharakisha mashambulizi hayo. Kila rangi inapofifia mwambani, vitamini inapotea. Mama huona chakula chake kimebaki chote, kwa kuwa wanga haupotei na mtoto atashiba. Kilichopotea hakina uzito wa kuonekana katika mizani. Hujidhihirisha baadaye, katika mtoto anayejikwaa jioni kwa sababu haoni vizuri giza linapoingia, au anayeugua mara kwa mara bila sababu iliyo wazi.

Lazima tuseme pia kwamba viazi vyeupe vya asili havina karotini ya kupotea. Katika viazi hivyo swali la jua halina uzito mkubwa, ila kwamba mlaji atafute vitamini A mahali pengine. Hali ni tofauti kwa viazi lishe, vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo vimeenezwa Kanda ya Ziwa katika miaka ya karibuni. Kazi ya kuvikuza na kuvieneza viazi hivyo barani Afrika ilitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, na mmoja wa waliotunukiwa alikuwa Robert Mwanga wa Uganda. Ingekuwa hasara ya ajabu watafiti watumie miaka mingi kuitia karotini ndani ya kiazi, nasi tuiondoe kwa siku tatu juu ya mwamba. Viazi lishe vikaushwe haraka, vipande vikiwa vyembamba, chini ya kivuli chenye upepo au chini ya kitambaa cheusi chepesi. Kisha vihifadhiwe katika chombo kisichopitisha mwanga, na kuliwa katika miezi ya kwanza ya kiangazi, si ya mwisho, maana karotini huendelea kupungua hata ghalani.

Nsansa

Majani ya kunde ni hazina kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Yakikauka, karibu robo ya uzito wake huwa ni protini, nayo yana chuma na karotini. Watu wengine huyachemsha kidogo kabla ya kuyaanika, wengine huyaanika mabichi. Kwa sababu tulizozieleza, kuyachemsha dakika mbili au tatu ni bora, ingawa vitamini C hupungua kwa kuingia katika maji; na kuyaanika kivulini ni bora kuliko juani. Nsansa iliyokaukia kivulini hubaki na rangi ya kijani kibichi iliyokolea. Ile ya juani huwa nyeusi au kijivu. Rangi hapa ni kipimo kizuri, tena hakihitaji maabara.

Wakati wa kupika, nsansa huungwa kwa karanga zilizotwangwa, au kwa samli. Nimewahi kusikia watu waliosoma wakiita mapishi hayo anasa ya kijijini, eti mboga ingetosha kuchemshwa kwa chumvi. Wanakosea. Karotini haiyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta. Bila mafuta sehemu kubwa ya karotini hupita tumboni na kutoka bila kumfaidi mlaji. Kwa upande mwingine, desturi ya kutia magadi ili mboga kavu ilainike upesi inafaa itumiwe kwa kiasi. Magadi huvunja vitu vinavyoshikamanisha seli za jani, hivyo huokoa kuni. Lakini huharibu vitamini za kundi B na C. Penye kuni chache mtu atachagua mwenyewe. Walau achague akijua.

Zizi nalo lina ghala lake

Tuingie sasa zizini. Ng'ombe hana uwezo wa kusaga nyasi kwa nguvu zake mwenyewe. Tumbo lake la kwanza ni kama pipa kubwa la pombe, lenye joto la nyuzi 39 hivi, ambamo viumbe wadogo wasiohesabika huchachusha selulosi ya nyasi na kutoa asidi ambazo ng'ombe huzitumia kama chakula. Ng'ombe huwalisha viumbe hao nyasi, nao humlisha yeye. Lakini viumbe hao wanahitaji protini. Kwa kawaida nyasi zikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, wao hudhoofu, uchachushaji hupungua, na nyasi hukaa tumboni muda mrefu. Ng'ombe hupunguza kula kwa kuwa tumbo limejaa, huku akikonda. Mchungaji huona jambo la kushangaza: nyasi zipo, tumbo limetuna, mbavu zinahesabika.

Nyasi za nchi za joto mwanzoni mwa mvua huwa na protini ya asilimia 10 au zaidi. Zikisha kutoa mbegu na kukauka zikiwa zimesimama, hushuka hadi asilimia 4 au chini ya hapo. Shina limejaa lignini, kitu kile kile kinachoufanya mti uwe mgumu, na protini imehamia katika mbegu na mizizi. Linganisha na nsansa. Jani la kunde lilichumwa likiwa changa likaokolewa na protini yake. Unyasi uliachwa uzeeke ndipo ukauke. Chungu na zizi vimetumia jua lile lile, ila chungu kilichagua wakati.

Nilipokuwa masomoni Ulaya nilitazama wakulima wakikata nyasi mnamo Juni, zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kuchanua, wakizikausha na kuzitia ghalani kwa ajili ya majira ya baridi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hamu ya kuwahubiria wazee wa kwetu jambo hilo. Mzee wa kwanza niliyemweleza alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza nyasi zangu zitakaukaje mwezi wa Machi mvua inaponyesha kila jioni, na ni nani atakayezikata mwezi wa Mei mikono yote ikiwa shambani, inavuna mahindi na mtama, na baada ya hapo pamba. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Ulaya nyasi huchanua wakati wa ukavu na siku ndefu. Kwetu huchanua katikati ya mvua. Ngitili ni jibu la watu walioijua hali hiyo. Hufungwa mvua zinapoanza, na hufunguliwa kiangazi kikiwa kimekolea, kipande baada ya kipande, kwanza kwa ndama, wagonjwa na ng'ombe wa kukamua.

Utaratibu huo wa kale ulikaribia kutoweka. Mwaka 1986, ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, eneo la ngitili lililojulikana katika mkoa mzima wa Shinyanga wa siku zile, pamoja na Bariadi na Maswa, lilikuwa hekta 600 hivi tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimehesabiwa hekta za makumi ya maelfu, na makadirio ya jumla yalikuwa makubwa zaidi ya hayo. Faida ya ngitili si nyasi peke yake. Miti inayoota humo, hasa ya jamii ya migunga, huzamisha mizizi yake chini sana na kubaki na majani na maganda yenye protini nyingi wakati nyasi zimekwisha kuwa mabua. Ng'ombe anayepata nyasi kavu pamoja na maganda hayo, au mabua ya mahindi pamoja na majani ya karanga na kunde yaliyobaki shambani, huwapa viumbe wa tumboni mwake ile protini kidogo inayowaamsha. Hapa ndipo ushauri wangu wa Ulaya unaweza kubaki na kipande kidogo cha ukweli: mavuno ya karanga yakusanywe na majani yake yakiwa bado ya kijani, yawekwe kivulini, yasiachwe yachomwe na jua shambani.

Maji nayo hudai deni lake. Ng'ombe anayekula kilo 6 za vitu vikavu kwa siku katika majani mabichi yenye asilimia 75 ya maji, humeza lita 18 za maji bila kwenda mtoni. Katika nyasi zenye asilimia 10 ya maji hupata chini ya lita moja. Lita 17 zilizosalia lazima azinywe, na ni wakati huo huo ambapo mito imekauka na watu wanafukua mchanga wa Mto Simiyu na vijito vyake kutafuta maji. Safari ya kwenda na kurudi hula sehemu ya nguvu ambazo zingekuwa maziwa.

Siagi ya manjano na siagi nyeupe

Akina mama wa Binza wanajua kwamba siagi ya masika ni ya manjano na ya kiangazi ni nyeupe. Msomaji aliyetufuata mpaka hapa atakuwa amekwisha kubaini sababu. Rangi ile ni karotini ya majani mabichi, iliyopita tumboni mwa ng'ombe na kuingia katika mafuta ya maziwa, ikifuatana na vitamini A ambayo ng'ombe ameitengeneza. Katika nyasi zilizosimama juani miezi mitatu karotini imekwisha kuungua, kama ilivyoungua katika kipande cha kiazi juu ya mwamba. Ng'ombe huishi kwa akiba iliyomo katika ini lake, na mtoto vivyo hivyo. Kwa hiyo mnamo Septemba na Oktoba nyumba hupata hasara tatu kwa pamoja: maziwa ni machache, machache hayo yana vitamini A kidogo, na mboga iliyobaki ni ile iliyokaa ghalani muda mrefu kuliko zote.

Hapo ndipo samli inapoonyesha thamani yake. Maziwa husukwasukwa kibuyuni mpaka chembe za mafuta zigongane na kushikana; siagi hiyo huchemshwa mpaka kelele za kutokota zinyamaze. Kunyamaza huko ndiyo dalili kwamba maji yamekwisha. Ni ukaushaji uleule wa michembe, ila umefanywa kwa moto. Lita 20 za maziwa yenye mafuta ya asilimia 5 hutoa kilo moja hivi ya samli, nayo ikiwekwa katika chombo kilichofungwa, kisichopitisha mwanga, hukaa miezi mingi. Samli iliyotengenezwa Machi, wakati wa siagi ya manjano, hubeba sehemu ya vitamini A ya masika mpaka Oktoba. Nyumba inayouza samli yote ya masika ili ipate fedha, kisha ikanunua mafuta mengine ya kupikia kiangazi, haina budi kuangalia ni kitu gani hasa imekiuza.

Kuhusu maziwa ya mgando jambo moja lisisahauliwe. Bakteria wa asidi ya laktiki huyashusha maziwa kutoka pH 6.6 hivi hadi karibu 4.5, na protini yake huganda. Vijidudu vingi vya kuozesha hushindwa. Lakini vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba, ambao kwa binadamu huleta homa ndefu na maumivu ya viungo, huweza kubaki hai siku kadhaa ndani ya mgando. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe kijiko cha mgando wa jana. Yataganda vizuri tu.

Moto wenyewe una hesabu yake. Miti ya pamba, ambayo wakulima hutakiwa kuing'oa na kuichoma baada ya mavuno ili funza wasivuke kuingia msimu mwingine, ni heri iungue chini ya chungu kuliko shambani. Samadi kavu nayo huungua, na penye uhaba wa kuni watu huitumia. Ikiungua, fosforasi na potasi hubaki katika majivu, lakini naitrojeni yote huondoka na moshi. Na naitrojeni hiyo ndiyo ambayo mahindi ya mwaka ujao yangeihitaji.

Jaribio kwa shule

Kateni kiazi lishe kimoja katika vipande vyembamba, unene wa milimita 3 hivi. Gawanyeni mafungu manne: vibichi juani, vibichi kivulini, vilivyochemshwa juani, na vilivyochemshwa kivulini. Pimeni uzito wa kila fungu asubuhi na jioni, mkivirudisha ndani usiku, isipokuwa vipande vichache vya kila fungu mtakavyoviacha nje. Chora grafu ya uzito na saa. Uzito ukikoma kubadilika, tieni vipande vichache katika chupa kavu pamoja na kijiko cha chumvi kavu, mfunge na kuitikisa mara kwa mara kwa muda wa saa moja. Chumvi ikishikamana ubavuni mwa chupa, vipande havijakauka vya kutosha. Mwishowe pangeni mafungu yote manne kwenye karatasi nyeupe na mlinganishe rangi. Kisha yafungieni gizani na mlinganishe tena baada ya miezi miwili.

Mvua za kwanza za Novemba zinapoanguka, ng'ombe huacha nyasi kavu za ngitili na kutembea mchana kutwa wakifuata majani mafupi mapya ambayo karibu yote ni maji. Kwa wiki mbili au tatu hukonda kuliko walivyokonda Oktoba, na wengine hufa katika siku hizo hizo ambazo mwenyewe anasherehekea mvua. Mfugaji mwenye busara huacha kipande kimoja cha ngitili hakijafunguliwa kwa ajili ya majuma hayo. Jikoni, mama huchuma mlenda wa kwanza kando ya njia, na nsansa iliyosalia huirudisha ghalani.